Mbwa amemng'ata mwanangu usoni na jirani anasema mbwa wake mzima: je, sindano ziendelee?

SWALI: *Daktari, mwanangu ana miaka 6. Jumamosi tulikuwa shambani tukiokota korosho, huku Tandahimba, mbwa wa jirani akamrukia akamng'ata shavu na mkono wa kulia. Shavu limechanika karibu na pembe ya mdomo. Bibi yake akamwekea majivu na mafuta ya taa. Zahanati walimsafisha, wakamchoma sindano ya pepopunda, wakasema chanjo ya kichaa cha mbwa hawana. Jumapili tukafika hospitali ya wilaya, wakamchoma moja begani, wakakataa kumshona, wakatuambia turudi Jumatano. Jumatano nauli haikupatikana. Leo Alhamisi mkono umevimba na kidole kimoja hataki kukigusa. Mbwa yupo, anakula, hana neno, na mwenyewe anasema tunapoteza hela bure. Je, ni lazima tuendelee? Na kwa nini hawakumshona? Naogopa kovu.*

JIBU: Pole sana, mama. Kabla hujasoma mengine, soma hili: mtoto arudi hospitali leo, wala isiwe kesho. Sababu ya kwanza ni mkono. Mkono uliong'atwa, ukavimba siku ya tano na ukauma kuliko siku ya kwanza, umeingiwa na usaha au uko njiani kuingiwa. Sababu ya pili ni sindano aliyoikosa. Ya tatu ni dawa nyingine ambayo huenda hakupewa, na dirisha la kuipata bado liko wazi kwa siku chache tu. Kama nauli bado ni tatizo, mwenye mbwa ndiye wa kwanza kuambiwa, na mtendaji wa kijiji wa pili. Msianze kubishana nani mwenye kosa. Mpelekeni mtoto, maneno ya fidia yatawakuta mkisharudi.

Sasa tuzungumze taratibu, maana swali lako lina maswali manne ndani yake.

Naanza na mbwa, kwa sababu jirani yako amesema neno lenye ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua watoto. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye ubongo wa mnyama, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Mbwa anaweza kuwa na virusi kwenye mate siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote: anakula, anatingisha mkia, anamfuata bwana wake shambani. Kwa hiyo mbwa aliyekuwa mzima Jumamosi, na mzima leo, bado hajatuthibitishia kitu. Lakini virusi vikishafika kwenye mate, mbwa huyo hana maisha marefu. Ataugua na kufa ndani ya siku chache. Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya siku 10. Mbwa akifungwa, akapewa chakula na maji, akaangaliwa siku 10 kamili tangu alipong'ata na akabaki mzima, basi siku ile ya kung'ata mate yake hayakuwa na virusi. Kwenu nyie siku hizo zinaisha Jumanne ijayo. Akiwa mzima Jumanne, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiugua, akitoroka, akifa, au mtu akimuua kwa hasira, mtoto anamaliza zote.

Kwa hiyo mwambieni jirani amfunge mbwa kwa mnyororo, si kwa kamba ya katani atakayoitafuna, na mumjulishe ofisa mifugo wa kata. Msimuue. Najua kijijini jambo la kwanza ni kuchukua marungu, na mzazi aliyeona shavu la mwanawe limefunuka simlaumu. Ila mbwa akiwa hai chini ya mnazi, tunaweza kumwangalia. Akishatupwa porini, tumepoteza jibu ambalo lingetupunguzia sindano na gharama. Kama jirani anasema mbwa amechanjwa, aonyeshe kadi. Kadi ya chanjo ya mwaka huu inatutuliza kiasi, lakini haifuti siku 10.

Unaweza kujiuliza: kama ni kusubiri mbwa, kwa nini tusisubiri kwanza ndipo tuchome? Hapa ndipo ningependa ukae na mimi kidogo.

Virusi hivi havisafiri kwenye damu. Vinaingia kwenye nyama iliyojeruhiwa, vinatafuta ncha za mishipa ya fahamu, kisha vinapanda taratibu kuelekea ubongoni. Fikiria mtu anayepanda kwa miguu kutoka bonde la Ruvuma hadi Newala juu. Ni safari ndefu, yenye kuchosha, na wakati anapanda, kinga ya mwili inaweza kumkuta njiani ikamzuia. Aliyeng'atwa mguuni, msafiri wake anaanzia chini kabisa, kando ya mto. Aliyeng'atwa shavuni, msafiri wake ameanzia karibu na kilele. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 3, lakini kwa jeraha la kichwa, uso au shingo unaweza kuja ndani ya wiki chache tu. Na watoto ndio wanaong'atwa usoni, kwa sababu mtoto wa miaka 6 kimo chake kinalingana na mdomo wa mbwa. Duniani, watu 4 kati ya 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15.

Chanjo nayo haifanyi kazi siku ileile. Inaufundisha mwili kutengeneza askari wake, na mafunzo hayo yanachukua wiki moja hadi mbili. Ukisubiri siku 10 za mbwa ndipo uanze, umempa msafiri wiki nzima ya kutembea bila mtu wa kumsimamisha. Ndiyo maana tunachoma kwanza, kisha tunamwangalia mbwa, halafu ndipo tunaamua kama tuache. Hela haijapotea bure hata ikija kuonekana mbwa alikuwa mzima. Ugonjwa huu ukishaanza kujitokeza, mtoto akaanza kuogopa maji na upepo, hatuna dawa ya kumrudisha. Miaka ya nyuma nilimpokea mtoto ambaye jeraha lake la paji la uso lilikuwa limepona vizuri mno, mstari mwembamba, wala huoni mshono. Aliletwa kwa sababu alishindwa kunywa uji. Wazazi walidhani ni majini, wakazunguka naye kwanza. Sindano alichoma moja tu, kidonda kikafunga, wakaona yamekwisha.

Kidonda kufunga hakumaanishi virusi vimeondoka. Naomba ulibebe neno hilo, kwa sababu shavu la mwanao litafunga haraka, na siku litakapofunga utapata kishawishi cha kuacha.

Basi sindano mliyoikosa Jumatano. Hamna haja ya kuanza upya, kama watu wengine wanavyoambiana vijiweni. Mtoto anachomwa leo ile ya Jumatano, na inayofuata inasogezwa mbele ili nafasi kati ya sindano na sindano ibaki ileile. Ratiba zipo zaidi ya moja. Ipo ya sindano za msuli za siku ya 0, 3, 7 na 14, na wengine huongeza ya siku ya 28. Ipo pia ya sindano ndogondogo za ndani ya ngozi yenyewe, mbili kwa kila ziara, siku ya 0, 3 na 7, ambayo hutumia dawa kidogo hata chupa moja ikagawiwa wagonjwa zaidi ya mmoja. Zote ni halali. Kitu cha kufanya ni kuomba tarehe ziandikwe kwenye kadi na kumaliza ratiba mliyoianza. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima. Huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mchanga, kamwe si takoni, kwa sababu mafuta ya takoni huizuia chanjo kufanya kazi ipasavyo. Na kama bibi anaogopa zile sindano nyingi za tumboni alizozisikia zamani, mwambie zile zilikuwa chanjo za kizazi kingine. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885 chanjo imebadilika sana. Ya leo inauma kama ile ya kliniki ya watoto.

Sasa ile dawa niliyosema dirisha lake bado liko wazi. Inaitwa immunoglobulini ya kichaa cha mbwa. Chanjo inaufundisha mwili kutengeneza askari. Hii inaleta askari waliokwisha kufundishwa, na tunawamimina ndani ya kidonda chenyewe na pembeni mwake, ili wavikamate virusi hapohapo kabla havijapata mshipa. Kipimo chake hufuata uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kilo. Kwa jeraha lililochana ngozi, na zaidi la usoni, ndiyo inayotakiwa pamoja na chanjo. Haitolewi ikishapita siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza, kwa kuwa hapo mwili umeshaanza kutengeneza wake. Mwanao alichanjwa Jumapili. Kwa hiyo ana mpaka Jumapili hii.

Nakwambia ukweli: dawa hii ni adimu na ni ghali, na hospitali nyingi za wilaya hazina. Usipande gari kwa kubahatisha. Mwombe daktari wa wilaya apige simu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, aulize kama ipo, ndipo mwende. Wenzenu wa upande wa Lindi wangeanzia Sokoine. Ikikosekana kabisa, usikate tamaa na usiache chanjo. Kidonda kilichooshwa sawasawa na chanjo iliyokamilika vimewaokoa watu wengi mno bila immunoglobulini.

Kuosha ndiko kunakonipeleka kwa bibi, na naomba asigombezwe. Alitaka damu ikate, na damu ilikata. Lakini majivu na mafuta ya taa vinaunguza nyama, vinaziba vitundu vya meno, na vinamwachia daktari uchafu wa kutoa badala ya kidonda cha kusafisha. Hali kadhalika kahawa, pilipili, dawa ya meno, na lile jiwe jeusi la nyoka. Wapo pia wanaopaka udongo kwa ajili ya kuondoa najisi ya mbwa. Mambo ya twahara muulizeni sheikh wenu kwa nafasi, lakini udongo usiingie kwenye jeraha bichi, kwa maana ndimo wanamokaa vijidudu vya pepopunda.

Kinachotakiwa ni maji na sabuni, dakika 15 kwa saa, maji yakitiririka. Virusi hivi vimevaa utando wa mafuta, na sabuni yoyote ile, hata ya kipande ya kufulia, huuvunja utando huo vikafa. Hakuna dawa ya dukani inayoishinda. Najua mtu wa uwanda wa Makonde akisikia "dakika 15 za maji yanayotiririka" anacheka kwa uchungu, kwani maji huko yananunuliwa kwa ndoo. Lakini haihitaji bomba. Ndoo moja ya lita 20 na kopo lililotobolewa, au kibuyu chirizi kile cha chooni, vinatosha: mmoja anamimina mkondo mwembamba, mwingine anamshika mtoto, sabuni inarudiwa mara kwa mara, na maji yanaingizwa mpaka ndani ya kitundu. Damu ikitoka kwa nguvu, ibaneni kwanza na kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, kisha osheni. Na hata leo, siku ya tano, waombe wamwoshe tena vizuri. Haijapitwa.

Tuje kwenye mshono. Umehisi walimtelekeza. Kwa nilivyosoma maelezo yako, hapana, naona walifikiri. Jino la mbwa haliingii kama wembe. Linasukuma mate na vijidudu ndani, na taya linasaga nyama ya pembeni. Ukishona juu ya hapo siku ileile umefunga mlango na mwizi yuko ndani. Mkononi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu tundu dogo la jino linaweza kufika kwenye kano au kwenye kiungo, na nje huoni chochote. Ndiyo maana vidonda vya mkono tunaviacha wazi. Isitoshe, kama virusi vimo, sindano ya kushona inaweza kuvisogeza ndani zaidi, hivyo kanuni ni kumimina immunoglobulini kwanza, kisha ndipo nyuzi zifuate.

Uso ni jambo lingine kidogo, na hapa madaktari tunatofautiana. Uso una damu nyingi, na damu nyingi hupambana na usaha, kwa hiyo jeraha la usoni lililooshwa vizuri mara nyingi tunalishona mapema, kwa nyuzi chache zilizolegea, ili kulinda sura. Mimi mwenyewe ningependelea hivyo kama immunoglobulini ingekuwepo na kidonda kisingekuwa na mafuta ya taa. Bila hivyo viwili, daktari wenu aliyeacha wazi alichagua njia ya salama. Nafasi haijapotea. Kidonda kisafi kinaweza kushonwa siku ya nne, ya tano, hata baadaye kidogo, na kovu lisizidi sana lile la siku ya kwanza. Mshono unasubiri, maji na sindano ndivyo visivyosubiri.

Wakati mnasubiri gari, mwangalie mwanao mambo haya. Mwambie atabasamu na afumbe macho kwa nguvu: uso ukivutika upande mmoja tu, mshipa wa fahamu wa uso umeguswa. Mpe ndimu anuse au alambe kidogo, uone kama maji meupe yanachuruzika kwenye kidonda cha shavu. Hayo ni mate, maana yake mfereji wa tezi ya mate umekatika. Fungua mdomo wake uone kama jeraha limetokeza ndani. Tazama mstari wa mdomo, pale ngozi inapokutana na wekundu wa mdomo, kama umekatika. Ukiona lolote kati ya hayo, sema wazi kwamba mnahitaji rufaa kwa daktari wa upasuaji. Mstari wa mdomo ukishonwa umepishana hata milimita moja, jicho la mtu litaona daima.

Halafu kidole. Kikiwa kimevimba chote, amekikunja kidogo na analia ukijaribu kukinyoosha, hiyo ni dharura. Kano imezungukwa na usaha na huenda akahitaji kuoshwa chumba cha upasuaji leo usiku. Usipite duka la dawa muhimu kununua kapsuli za rangi mbili. Kipo kijidudu cha mdomo wa mbwa ambacho dawa nyingi tulizozizoea hazikigusi. Inayotumika zaidi ni amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, kwa kipimo cha uzito wake, na kama usaha umeshajaa, dawa peke yake haitoshi. Parasetamoli ya maumivu mpe, haidhuru. Na beba kadi yake ya kliniki, ili waone chanjo za pepopunda za utotoni zilikamilika.

Kuhusu kovu, nitakuwa mkweli: alama itabaki. Ngozi yetu nyeusi hupenda kuweka alama, na wengine huota kovu nene. Miezi 6 ya kwanza litakuwa gumu, linawasha, limekolea. Usilihukumu wakati huo. Hulainika na kufifia mpaka kufikia mwaka mmoja, na upasuaji wa kulirekebisha kwa kawaida husubiri mwaka huo upite. Kidonda kikishafunga kabisa, lipapase kwa kidole na mafuta ya nazi mara mbili kwa siku, na avae kofia juani. Asipakwe krimu za kung'arisha. Likianza kunenepa na kuvuka mipaka ya jeraha, mrudishe mapema. Sindano za kulipunguza zipo. Usiku akishtuka, au akianza kukojoa kitandani, msimchape wala kumcheka. Alale na wewe, aongee yaliyompata, yatapungua.

Neno moja kwa kijiji, kwa sababu msimu wa korosho watoto wanashinda mashambani pamoja na mbwa wanaofukuza nguruwe pori. Lindi na Mtwara zina jambo la peke yake: kichaa kimeonekana sana pia kwa mbweha. Mbweha anayekuja kwa watu mchana bila woga si wa kushangaliwa wala kurushiwa mawe na watoto, na aking'ata, hatua ni zilezile, tena bila kusubiri siku 10, maana yeye hamtamfunga. Hata hivyo ugonjwa unapungua mbwa wanapochanjwa. Mikoa ya kusini mashariki iliwahi kuwa na kampeni kubwa ya kuchanja mbwa kuanzia mwaka 2010, na inajulikana kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, virusi hukosa pa kupita. Mwambie jirani, mbwa wake akipita salama Jumanne, ampeleke kwa ofisa mifugo.

Mpeleke mtoto kabla gari la mwisho halijaondoka. Akishaonwa, niandikie mambo matatu: kidole kinakunjika, tarehe ya sindano ijayo iliyoandikwa kwenye kadi, na kama immunoglobulini imepatikana kabla ya Jumapili. Na Jumanne jioni, hali ya mbwa.